Chupa Chafu Ndiyo Iliyokuza Vijiti

Mwezi uliopita nilipata meseji kutoka kwa msichana wa mwaka wa nne katika chuo nilichosomea. Hatujawahi kukutana. Aliandika hivi: "Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimefuata ripoti yako ya mradi hatua kwa hatua. Nimejaribu mara nne. Vijiti havitoki, napata kokoto tu. Vyako vilitoka aje?"

Kijasho chembamba kikanitoka. Kwa sababu hata mimi nilipata kokoto. Kwa droo yangu kuna vipande vitatu vya kioo, kila kimoja na upana wa kidole gumba, nimevifunga kwa tishu. Viwili vina ukungu mweupe, kama dirisha la matatu asubuhi ya Julai. Hivyo ndivyo vilivyoingia kwenye ripoti yangu, na vikanipa alama nzuri tu. Cha tatu kina madoa madoa. Hicho sikukitaja popote. Nilikificha.

Nikamjibu yule msichana, "Jaribu tena, utapata." Uongo mtupu. Halafu usiku nikakosa usingizi, nikaanza kusoma historia ya hivi vijiti vyenyewe, vilianzia wapi na nani alivikuza kwanza. Nilichokipata ndicho kimenifanya niandike hii posti. Kumbe hata wale wakubwa kabisa walipata kokoto. Tofauti ni kwamba wao hawakuzificha.

Tunaongea kuhusu nini hasa?

Tunaongea kuhusu vijiti vya nano vya semikondakta. Msiogope hayo maneno, tutaenda pole pole.

Semikondakta si makanga wa nusu siku, ingawa wazo haliko mbali sana. Shaba hupitisha stima saa zote. Plastiki hukataa kabisa. Semikondakta iko katikati: imetulia, haina shughuli, lakini ikipigwa na mwanga elektroni zinashtuka na kuruka kutoka mahali pake. Elektroni ikiruka inaacha nafasi wazi, na hiyo nafasi inaitwa shimo. Ukiweza kuvuta elektroni upande huu na shimo upande ule kabla hazijarudiana, una stima. Hiyo ndiyo paneli ya sola, kwa ufupi kabisa.

Paneli ya kwanza ya maana ilitangazwa Aprili 1954 katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani. Walioitengeneza ni Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson. Ilikuwa ya silikoni na iligeuza kama asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa stima. Ile iliyo juu ya bati kwa shosho yako ni mjukuu wake wa moja kwa moja.

Shida ya silikoni ni moto. Inayeyuka ikipita nyuzi 1,400 za selsiasi, na lazima iwe safi kupita kiasi. Kwa miaka mingi hiyo ilimaanisha bei ya juu. Ndiyo maana wengine wakaanza kuota ndoto nyingine: je, kama tungepata semikondakta inayoweza kuchanganywa kwenye chupa, ikawa kama rangi, halafu ukaipaka tu?

Shikilia hiyo ndoto. Tutairudia.

Kioo cha Leningrad, chupa ya New Jersey

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wawili ambao hawakujuana walikuwa wanaangalia kitu kimoja.

Wa kwanza ni Alexei Ekimov, pale Leningrad, mji ambao leo unaitwa St. Petersburg. Alikuwa anachunguza kioo chenye rangi. Alichanganya klorini na shaba kwenye kioo, akakichoma kati ya nyuzi 500 na 700, mara saa 1, mara hadi saa 96. Ndani ya kioo zikaota fuwele ndogo ajabu. Akaona kwamba fuwele zikiwa ndogo zaidi, rangi ya mwanga zinaoumeza inabadilika. Kemikali ni ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa tu. Aliandika matokeo yake mwaka wa 1981 katika jarida la Kisovieti, na upande wa pili wa dunia wengi hawakuliona.

Wa pili ni Louis Brus, tena pale pale Bell. Yeye alikuwa na chembe za kadimiamu salfaidi zikielea ndani ya maji. Aliziacha kwenye meza ya maabara. Siku iliyofuata akakuta tabia yake kwa mwanga imebadilika. Msee mwingine angesema, "Hii imeharibika, mwaga." Yeye akajiuliza kwa nini. Akagundua kwamba chembe zilikuwa zimekua: zile mpya zilikuwa na upana wa kama nanomita 4.5, zile zilizokaa zilifika kama 12.5. Ukikumbuka kwamba unywele mmoja una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita, utaona tunaongea kuhusu udogo wa aina gani. Brus alichapisha mwaka wa 1983, bila kujua habari za Ekimov.

Kwa hivyo hata kabla hatujafika kwa vijiti, historia hii tayari ina mtu aliyekuta kazi yake "imeharibika" akaiandika badala ya kuimwaga. Nilipofika hapo nilitazama droo yangu.

Kupanda siku moja

Fuwele hizo za kwanza zilikuwa na kasoro. Zingine kubwa, zingine ndogo, zingine zimevunjika. Huwezi kujenga kitu cha maana kwa matofali ambayo hayalingani.

Hapo ndipo anaingia Moungi Bawendi. Alizaliwa Paris, baba yake akiwa mwanahisabati kutoka Tunisia. Bawendi mwenyewe amesimulia kwamba mtihani wake wa kwanza wa kemia pale Harvard alipata 20 kwa 100. Ishirini! Kama wewe umewahi kupata karatasi yako ukaifunika haraka jirani asione, huyo ni mtu wako. Alifanya kazi chini ya Brus pale Bell mwishoni mwa miaka ya 1980, halafu akaenda MIT. Mwaka wa 1993, yeye na wanafunzi wake Christopher Murray na David Norris walichapisha mbinu iliyobadilisha kila kitu.

Mbinu yenyewe ni kama kilimo. Ukipanda mahindi leo kidogo, wiki ijayo kidogo, shamba litakuwa na mahindi ya urefu tofauti. Ukitaka yalingane, panda yote siku moja. Wao walichemsha kimiminika fulani hadi karibu nyuzi 300, halafu wakapiga sindano ya kadimiamu na seleniamu ndani yake kwa mpigo mmoja. Mbegu zote za fuwele zikazaliwa kwa wakati mmoja. Joto likashuka ghafla, mbegu mpya zikakoma kuzaliwa, na zile zilizokuwepo zikakua pamoja, polepole, kwa ukubwa mmoja.

Kile kimiminika kinaitwa TOPO. Jina lake kamili litakuuma ulimi, tuliache. Ukikinunua kinakuja kama nta nyeupe ndani ya chupa. Hicho ndicho kiini cha stori yetu.

Makanga mlangoni

TOPO haikuwa pale kama maji ya kuchemshia tu. Ilikuwa na kazi nyingine: kufunika. Fikiria molekuli ya sabuni. Ina kichwa kinachoshika maji na mkia unaoshika mafuta. Molekuli za kufunika ziko hivyo hivyo. Kichwa kinashika uso wa fuwele, mkia mrefu unaning'inia nje. Zikiizunguka fuwele pande zote, fuwele mbili haziwezi kugusana na kugandamana kuwa bonge. Wanasayansi huziita ligandi. Mimi nitaziita makanga, na utaona sababu.

Fuwele ya kadimiamu selenaidi haina umbo la mpira. Ikipewa nafasi inapenda umbo la penseli, lenye pande sita na ncha mbili. Atomu mpya zinazotaka kujiunga na fuwele ni kama abiria wanaotaka kupanda. Sasa kama makanga amesimama imara kwenye mlango wa ubavuni, hakuna anayepanda hapo. Kama makanga wa nyuma ameshikilia kidogo tu, anashuka na kupanda, abiria wataingia kupitia nyuma. Gari litarefuka kwenda nyuma tu. Penseli itakua kwa urefu, isinenepe.

Kwa hivyo ukipata makanga anayeshika mbavu sana na ncha kidogo, utapata kijiti. Ukipata asiyebagua, utapata nukta ya duara. Ukikosa makanga wa kutosha, utapata kokoto. Na abiria pia lazima wawe wengi. Atomu zikiwa chache kwenye mchanganyiko, fuwele inarudi kuwa duara hata kama makanga yuko.

Kwa nini mtu atake kijiti na si nukta? Rudi kwa ile ndoto ya sola ya kupaka. Elektroni ikishatoka, lazima isafiri hadi kwenye waya. Kupitia nukta ni kama kuvuka mto kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Kila mruko ni nafasi ya kuanguka. Kijiti ni gogo lililolazwa juu ya mto. Unatembea tu.

Sasa hiyo chupa

Katika miaka ya 1990, kule Berkeley, California, kulikuwa na profesa Paul Alivisatos. Yeye pia alikuwa amepitia kwa Brus. Aliyefanya kazi naye ni Xiaogang Peng, mwanakemia kutoka China. Walikuwa wanataka kudhibiti umbo la fuwele, si ukubwa peke yake.

TOPO ilikuwa inauzwa kwa viwango viwili. Kuna ile ya bei nafuu, safi kwa asilimia 90. Na kuna ile ya bei, safi kwa asilimia 99. Wewe ungechukua gani? Mimi ningekopa pesa nikanunue ile safi. Si ndivyo tulivyofunzwa, kwamba sayansi ni usafi?

Basi sikiliza. Ndani ya TOPO safi, fuwele zilikua kwa kasi mno, hazikushikika, zikaishia kuwa uchafu wa kuganda chini ya chupa. Ile chafu ndiyo iliyofanya kazi. Na hata hiyo chafu ilikuwa na visa: chupa moja inakupa fuwele nzuri, chupa nyingine ya aina ile ile inakukatalia. Maabara nyingi zilikuwa na chupa yao ya bahati, kama dereva mwenye kofia yake ya bahati.

Wangeweza kunyamaza. Wangeweza kuchapisha zile picha nzuri tu, wakaficha zilizokataa, na hakuna ambaye angewashika. Lakini walijiuliza swali moja la kijinga, na namaanisha hivyo kama sifa: ile asilimia 10 ni nini?

Walishuku kwamba ndani ya ule uchafu kuna asidi za fosfoniki, molekuli zinazong'ang'ania kadimiamu kuliko TOPO yenyewe. Kwa hivyo walichukua TOPO safi, ile iliyokataa, wakaongeza asidi hiyo kwa makusudi, kwa kipimo wanachokijua. Vijiti vikatokea. Wakiongeza, vinarefuka. Wakibadilisha kipimo na wingi wa atomu, umbo linabadilika. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka wa 2000. Makanga wa kweli alikuwa amejificha ndani ya uchafu muda wote, na TOPO iliyoandikwa kwenye lebo ndiyo ilikuwa ikipewa sifa.

Mwaka wa 2001 Peng, ambaye sasa alikuwa na maabara yake kule Arkansas, akaondoa tatizo lingine. Kadimiamu waliyokuwa wanaitumia ilikuwa ya aina inayowaka yenyewe ikikutana na hewa, sumu ya kutisha. Yeye akaonyesha kwamba unaweza kuanza na kadimiamu oksaidi, unga wa kawaida wa maabara. Kadimiamu yenyewe bado ni sumu, usije ukaijaribu jikoni. Lakini sasa maabara ndogo nazo zingeweza kuingia kwenye mchezo.

Na lile swali la asilimia 10 halikufa. Mwaka wa 2008 kundi la William Buhro, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, liliuchambua ule uchafu wa TOPO, likautaja kwa majina, halafu likajaribu kila mmoja peke yake: upi unasaidia nukta, upi vijiti, upi nyaya. Hebu fikiria. Watu wazima na shahada zao, wanaandika karatasi nzima kuhusu uchafu wa chupa. Na ni mojawapo ya kazi zenye msaada zaidi katika fani hiyo, kwa sababu baada yake mtu anaweza kufuata mapishi na kupata chakula kile kile.

Asilimia 1.7

Sasa turudi kwa ndoto ya sola. Machi 2002, Wendy Huynh, Janke Dittmer na Alivisatos walichapisha katika jarida la Science sola iliyotengenezwa kwa vijiti hivyo. Vijiti vya kadimiamu selenaidi, upana nanomita 7, urefu nanomita 60, vimechanganywa na plastiki inayopitisha stima. Kwa uzito, asilimia 90 ya mchanganyiko ilikuwa vijiti. Walilinganisha vifupi na virefu, na virefu vilitoa stima zaidi, kama walivyotarajia. Gogo lilishinda mawe.

Lakini hapa kuna kejeli tamu. Wale makanga waliokuza vijiti sasa walikuwa tatizo. Mikia yao mirefu haipitishi stima. Umejenga gogo zuri, halafu umelizungushia godoro. Ikabidi waoshe vijiti kwa kimiminika kinachoitwa piridini, molekuli fupi inayowaondoa makanga wa zamani na yenyewe haikai sana. Kitu kinachokukuza si lazima kiwe kile kitakachokufikisha. Nimeiona hiyo hata kwa maisha, lakini tusiende huko leo.

Na matokeo? Asilimia 1.7.

Ndiyo. Silikoni ilianza na 6 mwaka wa 1954, na hawa karibu miaka 50 baadaye wanaleta 1.7. Mwaka wa 2005 kundi hilo hilo lilitengeneza sola ya vijiti bila plastiki, ikafika karibu 3. Ukisoma hizo namba kama matokeo ya KCSE, hawa watu walifeli.

Tena soko halikuwahurumia. Bei ya paneli za silikoni ilianguka vibaya sana miaka iliyofuata, viwanda vya China vikiongoza, na paneli ya kawaida leo inapita asilimia 20. Ile sababu ya kuanza ndoto, kwamba silikoni ni ghali, ikayeyuka. Hakuna bati la Kenya lililo na vijiti vya kadimiamu juu yake, na sioni likija.

Lakini angalia elimu ilipoenda. Ujuzi wa kukuza fuwele na kuchagua makanga wake haukubaki kwenye sola. Uliingia kwenye televisheni. Zile skrini zinazouzwa kwa jina la QLED zina nukta za semikondakta zilizokuzwa kwa sayansi hii hii, nyingi zikitumia indiamu badala ya kadimiamu. Na kwa sola yenyewe, nukta za lead salfaidi zilivuka asilimia 10 katika muongo uliopita, na kazi kubwa iliyofanywa ilikuwa kubadilisha makanga: kuwaondoa wenye mikia mirefu na kuweka wafupi. Lile somo la piridini lilizaa watoto.

Tarehe 4 Oktoba 2023, Ekimov, Brus na Bawendi walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Majina yalivuja asubuhi hiyo kwa vyombo vya habari vya Uswidi kabla ya tangazo lenyewe. Tuzo ilikuwa ya nukta, si ya vijiti, na haiwezi kugawanywa kwa zaidi ya watu watatu. Alivisatos na Peng hawakuwemo. Hiyo mnaweza kubishana nayo mkitaka. Mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine.

Kioo cha tatu

Vijiti vyangu havikuwa vya kadimiamu. Vilikuwa vya zinki oksaidi, ambavyo havina sumu hiyo na vinakua kwenye maji ya nyuzi 90 tu. Unapaka kioo tabaka jembamba la mbegu, unakitumbukiza kwenye maji yenye zinki naitreti na kemikali inayoitwa heksamini, unasubiri saa kadhaa. Ni mbinu maarufu kwa vyuo visivyo na pesa, kwa sababu ni karibu sawa na kuchemsha githeri. Fuwele ya zinki oksaidi nayo ni penseli ya pande sita. Na inajali vilevile nani amesimama mlangoni: ukiweka sitreti kidogo, kwa mfano, inaziba ncha badala ya mbavu, na badala ya kijiti unapata kisahani.

Hadubini ya elektroni hatukuwa nayo. Vioo vyangu vilipelekwa taasisi nyingine, nikangoja picha wiki sita. Viwili vikarudi na msitu wa vijiti, nikaruka juu kwa furaha. Cha tatu kikarudi na kokoto.

Najua kitu kimoja kuhusu kioo cha tatu. Siku niliyokikuza, chupa ya heksamini ilikuwa imeisha, na nikapewa nyingine kutoka nyuma ya kabati, lebo imefifia. Nilimwambia msimamizi wangu. Akanijibu, "Ripoti inataka matokeo, si hadithi." Sikubishana. Nilikuwa nimefunzwa vizuri. Kila aliyefanya kemia ya sekondari anajua taitresheni inavyoenda: hutafuti jibu lako, unatafuta jibu la mwalimu. Mtu anachungulia kwa jirani, anasikia "ni 24.3", anaandika 24.2 na 24.4 ionekane amepima. Tunaita kupika. Tunacheka. Tunapewa alama.

Kwa hivyo nilipika. Sikuongeza uongo, nilipunguza ukweli. Nikatoa kioo cha tatu, na nikaitoa chupa ya pili pamoja nacho. Ripoti yangu inasema "heksamini" kana kwamba kuna heksamini moja duniani.

Na sasa kuna mtu amepoteza majaribio manne, muda wa mradi wake unaisha, na anaamini kwamba mkosaji ni yeye. Mkosaji si yeye. Inawezekana kabisa anatumia ile chupa ya nyuma ya kabati. Nilikuwa na jibu lake miaka miwili, kwa droo, limefungwa kwa tishu.

Hiki ndicho ninachowaambia, hasa nyinyi mlio kwa maabara sasa, iwe shule au chuo. Tunapenda kusema Afrika inahitaji mashine kubwa ndiyo tufanye sayansi kubwa. Mashine tunahitaji, sikatai, mimi niliyengoja picha wiki sita ninajua. Lakini jambo lililogeuza historia ya hivi vijiti halikuhitaji mashine. Lilihitaji mtu aandike kwamba chupa hii imekubali na chupa ile imekataa, bila kuona aibu. Daftari na kalamu. Hiyo tunaweza kumudu kesho asubuhi. Kinachotushinda ni kwamba mfumo wetu unalipa jibu na unaadhibu hadithi, na sisi tumejifunza kuishi hivyo hadi tunapikiana sisi kwa sisi.

Juzi nikapiga picha kioo cha tatu. Nikamtumia yule msichana pamoja na maelezo yote: siku, chupa, lebo iliyofifia, na kwamba nilikiacha nje ya ripoti. Nikaomba msamaha. Nilitarajia matusi, na angekuwa na haki.

Alikaa kimya kama saa nzima. Halafu akajibu: "Hiyo chupa kifuniko chake kilikuwa cha rangi gani?"

Bluu, nikamwambia. Kifuniko cha bluu, kimevunjika upande mmoja.

"Ndiyo hii niko nayo," akaandika. "Sasa nataka kujua ina nini ndani."